Shemeji alicheka, mimi nikakunja uso: je, OSS 117 ya Rio inafaa darasani?

Swali: "Ninafundisha Kifaransa jioni kwa watu wazima hapa Mombasa. Wengi ni wafanyakazi wa hoteli na waongoza watalii, na kila mwisho wa mwezi tunatazama filamu moja ya Kifaransa pamoja. Mwanafunzi mmoja amependekeza ile ya jasusi OSS 117 anayekwenda Rio, yaani sehemu ya pili. Niliitazama kwanza nyumbani na shemeji yangu. Yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilicheka nusu, nusu nyingine nikakunja uso. Huyu jasusi anadharau Wayahudi, Wachina, wanawake, kila mtu, na mwisho wa filamu bado yeye ndiye shujaa. Tena niliona shemeji anacheka pamoja naye, hamcheki yeye. Je, filamu hii ni ya kibaguzi au mimi ndiye sijaielewa? Nikiionyesha, nitakuwa nafundisha Kifaransa au matusi? Nimeambiwa pia kwamba ni mzaha tu wa James Bond na kwamba ni lazima nianze na sehemu ya kwanza. Wanafunzi nao wanaulizia ya tatu, wamesikia ilirekodiwa Kenya."

Mwalimu, wasiwasi wako ni wa haki, na hujakosa kuielewa filamu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Rio ne répond plus, ya mwaka 2009, imejengwa ili tumcheke Hubert, si tucheke naye. Ila ujenzi wenyewe una nyufa, na shemeji yako ameingilia kwenye mmojawapo. Darasani inaweza kuingia, kwa masharti, na si lazima iingie nzima.

Tuliondoe kwanza hili la Bond, maana likibaki litapotosha mengine yote. Hubert Bonisseur de La Bath, mwenye namba OSS 117, anamzidi Bond umri. Mwandishi Mfaransa Jean Bruce alimtoa kitabuni mwaka 1949, wakati Ian Fleming alimtoa Bond mwaka 1953. Tena Hubert wa vitabuni hakuwa bwege hata kidogo, wala hakuwa raia wa Ufaransa. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Kifaransa, mtu wa OSS, shirika la ujasusi la Marekani la wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jina la shirika hilo ndilo analotembea nalo mpaka leo. Bruce alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1963. Mkewe Josette akaendelea kuandika, baadaye watoto nao wakaendelea. Miaka ya 60 zilitoka filamu kadhaa za Hubert, za ngumi na bastola na wanawake warembo wa hotelini, zikichukuliwa kwa uzito wote.

Mkurugenzi Michel Hazanavicius na mwandishi Jean-François Halin walipomchukua Hubert kwa filamu ya Cairo ya mwaka 2006, ndiyo sehemu ya kwanza, walimfanya Mfaransa halisi, mtumishi wa idara ya ujasusi ya Ufaransa. Wakamwachia kila alichokiamini mwanamume wa aina yake enzi zile, kisha wakamnyang'anya uwezo wa kujitilia shaka. Kwa hiyo anayesutwa si Mwingereza. Wafaransa wanajisuta wenyewe, hasa kwa namna wanavyopenda kujikumbuka. Ukilishika hilo, filamu ya pili inasomeka vingine kabisa.

Sasa tuone kicheko kinavyotengenezwa. Chukua yale mazungumzo ya Hubert na Dolorès kuhusu udikteta. Ni mwaka 1967, wako Brazil, nchi iliyokuwa mikononi mwa wanajeshi tangu 1964. Dolorès Koulechov, anayeigizwa na Louise Monot, ni jasusi wa Israeli anayefanya kazi na Hubert, na ndiye mwenye akili kati yao wawili. Hubert anamweleza kwamba udikteta ni pale watu wanapokuwa wakomunisti, wanaona baridi, wamevaa kofia za kijivu na viatu vya zipu. Dolorès anavuta subira. Anamuuliza, basi nchi ambayo rais wake ni mwanajeshi mwenye madaraka yote, ina polisi wa siri, ina televisheni moja tu na habari zote zinasimamiwa na dola, yeye anaiitaje? Hubert hasiti. Anaiita Ufaransa, tena Ufaransa ya Jenerali de Gaulle.

Hapo Hubert anadhani ameshinda mjadala. Jean Dujardin, anayemwigiza Hubert, anauonyesha ushindi huo kwa tabasamu la tangazo la dawa ya meno, nyusi moja ikiwa juu. Lakini kichekesho hakikamiliki kwenye sentensi yake. Kinakamilika kwenye uso wa anayemsikiliza, na kwenye ule ukimya unaofuata, ambao filamu hizi huuacha urefuke kuliko tulivyozoea. Anayejua historia anachomwa zaidi, kwa sababu jibu la Hubert, pamoja na ubwege wake, lina ukweli. Redio na televisheni za Ufaransa wakati wa de Gaulle zilikuwa kweli chini ya mkono wa serikali, na wafanyakazi wa shirika la utangazaji, ORTF, waligoma katika vuguvugu la mwaka 1968 wakidai uhuru wa habari. Mjinga amesema kweli bila kujua. Walimu wa fasihi hapo wangesema ni kinaya, na wangepata alama zote.

Kwa hiyo jaribu hili na shemeji. Itazameni tena dakika ishirini tu, na umwombe asimwangalie Hubert hata mara moja, amwangalie Dolorès. Macho yake yakimfuata Dolorès, maneno yale yale ya kale kuhusu Wayahudi, anayoyatoa Hubert mbele ya mwanamke Myahudi kwa upole na ukarimu wote, yatamgeukia msemaji. Asipoona tofauti yoyote, nalo ni jibu.

Maana si shemeji peke yake. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichunguza jinsi watu wa Marekani na Kanada walivyotazama All in the Family, vichekesho vya televisheni kuhusu baba mmoja mbaguzi, Archie Bunker. Watengenezaji walikusudia Archie achekwe. Watafiti wakakuta kwamba watazamaji wenye chuki walimpenda Archie na wakamwona ndiye anayeshinda mabishano, huku wengine wakiona kinyume chake kabisa, na wote wamekaa mbele ya kipindi kile kile. Tashtiti, yaani kejeli ya kukosoa, haina mlinzi mlangoni, na anayeingia na chuki yake anaweza kutoka nayo, tena akiwa amefurahi. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema "ni utani tu, iachwe ijitetee yenyewe". Mwalimu ana kazi pale.

Umeuliza mbona mwishoni yeye ndiye shujaa. Nadhani sisi tuliolelewa na hadithi za sungura na fisi tunasumbuliwa na hili kuliko Wafaransa. Kwetu mjinga mwenye majivuno huumbuka, na mtoto analala akijua nani alikosea. Hubert haumbuki. Anamchoma mamba mzima juu ya moto na kujiona dume la mbegu. Anapata kizunguzungu cha urefu kwa sababu ya mkasa wa zamani wa sarakasi, kisha anafukuzana na adui juu kabisa, kwenye sanamu kubwa ya Kristo Mkombozi. Anarudi nyumbani mshindi. Ila hesabu nani amefanya kazi. Kuchunguza, kupanga, kuelewa walichofuata Brazil, yote hayo ni ya Dolorès, na sifa zinakwenda kwa Hubert. Ushindi wake ni sehemu ya shutuma, maana anayechekwa pale mwisho ni pamoja na wakubwa wanaompa mkono wa pongezi, na nchi inayopenda mashujaa wa namna hiyo kwa kuwa hawaulizi maswali.

Na maswali yalikuwepo ya kuuliza. Hubert ametumwa kumlipa Mnazi aliyejificha Amerika Kusini, Profesa von Zimmel, anayeigizwa na Mjerumani Rüdiger Vogler, ili apewe mikrofilamu yenye orodha ya Wafaransa waliowatumikia Wajerumani wakati wa vita. Kwa mtu aliyelishwa kwamba Ufaransa nzima ilipigana na Wanazi, orodha kama hiyo haieleweki ni ya nini. Mwaka wa hadithi, 1967, unaifaa kuliko unavyoonekana. Mpaka mwanzoni mwa mwaka huo mkuu wa polisi wa Paris alikuwa Maurice Papon, ofisa ambaye wakati wa vita alishiriki kuwapeleka Wayahudi wa Bordeaux kwenye treni za kambi za mauti. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 1998 tu. Na mwaka huo huo wa 1967 ndipo Franz Stangl, aliyekuwa mkuu wa kambi ya Treblinka, alipokamatwa nchini Brazil, ambako alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha magari. Wanafunzi wako wakiyajua haya mawili kabla taa hazijazimwa, hawatacheka vile vile. Hazanavicius mwenyewe ametoka familia ya Kiyahudi ya Ulaya Mashariki. Hilo si kibali cha kusema lolote, lakini linatuambia kwamba utani huu hautoki kwa mtu asiyejua gharama yake.

Kuna kipande kimoja ambacho ningekupa hata kama ungekuwa na dakika kumi tu. Von Zimmel anajitetea kwa hotuba ya Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha katika tamthilia ya Shakespeare, ile ya kuuliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, hatoki damu akichomwa. Isipokuwa kila palipo na Myahudi yeye ameweka Mnazi. Yeyote aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ataitambua hotuba hiyo hata kama Kifaransa chake ni cha kubabaisha. Muuaji amevaa malalamiko ya watu aliowaua, na anayasema vizuri, kwa huzuni, karibu umhurumie. Kisha unashtuka. Hapo unapata somo la lugha, la fasihi na la historia kwa wakati mmoja, bila kulazimisha. Waache wasome kwanza Shylock wa Kiswahili kwa sauti, halafu ndipo uwashe filamu. Usiwaeleze chochote kabla.

Kuhusu sura ya filamu sitakaa sana. Rangi kali, muziki wa Ludovic Bource, skrini inayogawanywa vipande vitatu vinne kama ilivyopendwa mwishoni mwa miaka ya 60, gari lililosimama studio huku barabara ikipita kwenye pazia la nyuma: yote hayo yanamwambia mtazamaji kwamba yuko ndani ya filamu ya zamani, yenye imani za zamani. Waliokwenda kwenye majumba ya sinema ya Mombasa zamani hizo wataishika ishara mara moja. Kijana wa miaka ishirini na mbili hataiona, ataona picha ya ajabu tu, kwa hiyo mwonyeshe. Na kama wanafunzi watauliza watu hawa ni akina nani, Hazanavicius, Dujardin na Bource ndio waliokuja kutengeneza The Artist, iliyochukua tuzo tano za Oscar mwaka 2012, ikiwemo ya filamu bora.

Nyufa sasa. Nimesema kicheko kinakamilika kwenye uso wa msikilizaji. Basi pale ambapo hakuna msikilizaji, mtambo mzima unasimama. Ndivyo ilivyo kwa Wachina wa filamu hii. Wanatokea mmoja baada ya mwingine kulipiza kisasi cha ndugu waliouawa Gstaad, Uswisi, mwanzoni mwa hadithi, wanapigwa, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyepewa uso kama wa Dolorès, wala nafasi ya kumtazama Hubert na kumhukumu. Watengenezaji wangesema wanasuta filamu za kale zilizowatumia Wachina hivyo hivyo, na si uongo. Lakini kurudia kosa ili kulicheka kunahitaji mtu wa kulionyesha kuwa ni kosa, na hapa hayupo. Kama shemeji alicheka pamoja na Hubert kwenye vipande hivyo, siwezi kumlaumu, kwa kuwa filamu haikumpa mtu mwingine wa kusimama naye. Baadhi ya wanafunzi wako wanawahudumia wageni wa Kichina kila wiki. Vipande hivyo ningeviruka, au ningevileta kwa makusudi ili darasa lijadili kwa nini havifanyi kazi kama vile vya Dolorès. Kuhusu wanawake, hali ni mchanganyiko. Dolorès anajibu na anashinda kwa hoja, lakini kamera yenyewe mara nyingine inamtazama kwa macho ya Hubert. Usiku wa mahippi ufukweni, wenye dawa za kulevya na miili mitupu, itazame tena peke yako kabla hujaamua.

Je, uanze na sehemu ya kwanza? Si lazima, hadithi hazitegemeani. Tena aliyekushauri hivyo labda hakufikiria Mombasa. Filamu ya Cairo inatokea mwaka 1955, na ndani yake Hubert anaamshwa na adhana ya alfajiri, anapanda mnarani kwa hasira na kumnyamazisha mwadhini kwa ngumi. Kwa ufundi ni miongoni mwa vichekesho vilivyojengwa vizuri kuliko vyote katika mfululizo huu: Mzungu anayefika nchi ya watu asubuhi ya kwanza, asiyejua hata kelele anayoisikia ni nini, na mara moja anawafundisha adabu. Larmina, mwanamke Mmisri anayefanya naye kazi, haamini masikio yake. Lakini darasa lenye Waislamu wengi halidaiwi kuvumilia ngumi kwa mwadhini kwa sababu tu mwalimu anajua ni tashtiti. Hiyo ni filamu ya kundi ambalo limeshazoeana na limeshaonyeshwa jinsi ya kumtazama msikilizaji. Kwa kuanzia, Rio ni salama zaidi.

Ya tatu, Alerte rouge en Afrique noire, iliongozwa na Nicolas Bedos, ikafunga tamasha la filamu la Cannes mwezi wa Julai 2021. Ni kweli sehemu yake ilirekodiwa Kenya. Waambie wanafunzi wasitegemee kuiona Kenya, lakini. Watakachoona ni nchi ya kubuni inayozungumza Kifaransa, yenye rais anayeitwa Bamba, na mbuga zetu zimeazimwa kuwa Afrika yoyote ile. Hadithi ni ya 1981. Hubert amezeeka, ameonywa asionekane mbaguzi, na jitihada zake za kujichunga ndizo zinazomuumbua. Wazo ni zuri, na wafanyakazi wa hoteli watalielewa upesi kuliko watazamaji wa Paris, maana mgeni wa namna hiyo wameshampokea. Kwa maoni yangu utekelezaji umepwaya, hauna ule ukimya niliouelezea. Iwe ya mwisho, na muiite mjadala badala ya burudani.

Namna ningefanya mimi ni hii. Mwezi wa kwanza vipande viwili tu vya Rio, udikteta na Shylock, dakika chache kila kimoja, mkivirudia mara mbili. Mara ya kwanza bila maandishi ya tafsiri, mara ya pili wakiwa nayo, na kazi yao iwe kuandika sentensi tatu za Kifaransa kuhusu uso wa anayesikiliza. Hubert anazungumza kwa madaha, anamaliza maneno, na anawaita watu vous, ile "nyinyi" ya heshima, hivyo masikio ya mwanafunzi wa kati yatamfuata. Wakivishika hivyo viwili, waonyeshe iliyobaki mwezi unaofuata. Ikitokea wengi wamecheka upande wa Hubert, ishia hapo, hakuna anayekudai filamu nzima.

Mambo mawili hayamaliziki kwa maandishi. La kwanza ni watu. Kabla ya siku yenyewe, kaa na mwanafunzi mmoja au wawili wanaoheshimiwa na wenzao, uwaoneshe kipande, uwasikilize. Na mtu akiumia siku hiyo, usimjibu kwenye kundi la WhatsApp ambako wengine wataingilia kumwambia hana ucheshi; mtafute ana kwa ana, umwache aseme mpaka amalize kabla hujaitetea filamu. La pili ni kibali. Kununua DVD au kulipia filamu mtandaoni kunakupa haki ya kuitazama nyumbani, ila kuionyesha kwa kundi kila mwezi ni jambo jingine, na Kenya ina Bodi ya Kuainisha Filamu. Nenda Alliance Française ya hapo Mombasa uonane na mhusika wa maktaba au wa shughuli za utamaduni. Watu hao huandaa maonyesho ya filamu za Kifaransa na wanajua haki za filamu huombwa kwa nani. Chukua orodha ya vipande unavyotaka na urefu wake, kwa sababu swali la kwanza watakalokuuliza ni kama unaonyesha nzima au sehemu tu.